Nimeagizwa vibao vya risasi za gobori na matundu yamepinda. Nitumie mti gani?

FundiKibuye (Kisumu)

Hamjambo mafundi. Nina kibanda nyuma ya soko la Kibuye, mwaka wa kumi na tisa huu. Kazi yangu ya kila siku ni miguu ya viti, rungu za wazee, miko na vinu vidogo vya kitunguu saumu. Keezo langu linazungushwa na mota niliyotoa kwenye posho mili iliyokufa. Nimepata kazi ambayo sijawahi kuigusa, na nimeshaiharibu mara moja, kwa hiyo nakuja kwenu kabla sijaiharibu mara ya pili.

Kuna mama mteja wangu ambaye shemeji yake anaishi Pennsylvania. Shemeji na wenzake hupiga shabaha kwa bunduki za kizamani, zile za kumiminiwa baruti mdomoni, ikafuata risasi ya duara, kisha ikashindiliwa. Vifaa vidogo vya kazi hiyo huwa vya mbao, nao wanapenda vilivyotengenezwa kwa mkono, si vya kiwandani. Ameagiza seti kumi na mbili.

Nilionyeshwa video kwenye simu mara nne hivi, nikaelewa hivi. Kifaa cha kwanza ni kibao cha kushikika mkononi chenye matundu matano au sita. Kila tundu linabana risasi moja ambayo imeshavikwa kitambaa chenye mafuta. Mpigaji akishamimina baruti, analaza kibao juu ya mdomo wa mtutu, tundu juu ya tundu, anasukuma, na risasi inaingia na kitambaa chake. Cha pili ni kirungu cha kukaa kiganjani chenye vijiti viwili. Kimoja ni kifupi kama ncha ya kidole, cha kuzamisha risasi mdomoni. Kingine kina urefu wa kiganja, cha kuishusha kidogo. Cha tatu ni kipimo cha baruti, kikombe chembamba. Cha nne ni ule ufito mrefu wa kuisindikiza risasi hadi ikalie baruti kule chini.

Nilianza na vibao. Nilinunua mbao za mgrevilea, muuzaji akaniapia zimekauka. Nikatoboa matundu ya milimita 13, nikapiga msasa, nikapaka vanishi, vikang'aa kweli. Baada ya wiki tatu nikachukua kalipa kupima kabla ya kufunga mzigo. Kwenda na nyuzi za mti tundu bado ni 13. Kukata nyuzi ni 12.6. Yote yamekuwa mayai. Vibao viwili vimepinda kama kigae.

Nimevitoa vyote kwenye hesabu. Siwezi kumpelekea mtu kitu cha namna hiyo akakitumie karibu na baruti. Naomba mnisaidie: mti gani, tundu liwe na upana gani hasa, nipake nini, na je, ufito huo mrefu naweza kuutoa kwenye mbao za kawaida nikaukereza? Tena, sheria yetu inasemaje? Sitaki kulala ndani kwa sababu ya kipande cha mbao.

MkerezajiNakuru

Fundi mwenzangu, umefanya vyema kupima kabla ya kufunga. Mimi niko Nakuru, upande wa barabara ya Njoro. Vibao kama hivyo nimevitengeneza kwa miaka minne, vikienda Marekani kupitia kwa mtoto wa dada yangu. Hasara yako mimi niliila yote mwaka wa kwanza.

Kekee yako haina kosa. Kosa ni maji yaliyobaki ndani ya mbao. Mti ukikauka haupungui sawa kila upande. Kwa urefu wa nyuzi haupungui kitu cha kuonekana. Kwa upana unapungua, na ule upande unaofuata mzingo wa pete za mti hupungua karibu mara mbili ya upande unaotoka kwenye kiini kwenda ganda. Ndiyo maana tundu la duara kwenye mbao mbichi linageuka yai. Na fikiria kibao kinatoka kwenye unyevu wa ziwa lenu, kinaingia nyumba ya Pennsylvania wakati wa baridi, hita inawaka mchana na usiku. Hata kile kinachoonekana kikavu Kisumu, kule kitaendelea kukauka.

Neno la muuzaji lisikutoshe, amini mizani. Pasua mbao zako ziwe nene kuliko unavyotaka, paka ncha nta au rangi iliyobaki ili zisipasuke, zipange kivulini na vijiti katikati hewa ipite. Chukua kipande kimoja kikubwa, kiandike namba, kipime kila Jumamosi kwenye mizani hiyo hiyo. Uzito ukikataa kushuka wiki tatu au nne mfululizo, ndipo utoboe. Wazee wa mashine za mbao kule Elburgon walinifundisha kukadiria mwaka mmoja kwa kila inchi ya unene. Ukiwa na haraka, usianze na mbao mpya hata kidogo. Tafuta iliyokwisha kuishi: fremu ya mlango wa zamani, kitanda kilichovunjika, nguzo ya ua ya mutamaiyo (mzeituni mwitu). Ninyi watu wa Kisumu mna bahati ambayo sisi hatuna, mna mitumbwi mikuukuu ya mvule. Mbao ya mvule iliyokaa jua na mvua miaka ishirini, halafu ikalala kavu bandani mwaka mzima, imeshamaliza kucheza. Angalia tu, mvule hubeba vijiwe vya chokaa ndani yake, vitakula meno ya kekee. Noa mara kwa mara.

Sasa tundu. Kwanza muulize shemeji bunduki yake ina mtutu wa ukubwa gani, usikisie. Zinatofautiana sana. Ile Brown Bess ya Waingereza, kwa mfano, ilikuwa na mdomo wa robo tatu ya inchi. Akisema nusu inchi, yaani milimita 12.7, basi risasi yake mara nyingi ni 12.45, na kitambaa ni kama 0.38. Kitambaa kinazunguka pande zote mbili, kwa hiyo jumla ni karibu 13.2 kabla hakijaminywa. Tundu la 13 linaibana vizuri bila kuing'ang'ania. Kibao chako kikisinyaa hadi 12.6, mtu atasukuma kwa nguvu, mkono uteleze, uso wake uko juu ya mtutu wenye baruti. Ndiyo maana nakwambia umefanya vyema kuvitoa kwenye hesabu.

Unene wa kibao uzidi kidogo kipenyo cha risasi, milimita 15 au 16. Kikiwa chembamba, risasi inachungulia na kuanguka mfukoni.

Usijaribu kwa risasi wala baruti. Nenda kwa mafundi wa baiskeli au magari, uombe gololi ya beringi ya nusu inchi. Ni kubwa kidogo kuliko risasi yenyewe, kwa hiyo tumia kitambaa chembamba cha pamba. Ivike, paka mafuta ya nazi kidogo, isukume kwa kidole gumba. Ikiingia kwa kidole, ikakaa ukikitikisa kibao, ikatoka kwa kirungu kwa msukumo mmoja, tundu hilo ni zuri.

Na kekee ya chuma isikudanganye. Ncha yake inafuata nyuzi laini za mti na kuhama. Tumia ile ya mbao yenye mwiba katikati, drili ya kusimama, na ubao wa taka chini yake ili upande wa kutokea usimegeke.

FundiKibuye (Kisumu)

Asante sana ndugu. Hilo la uso kuwa juu ya mtutu limenikaa kichwani. Video niliiangalia kama kazi ya mbao tu, sikuwa nimeuona uso wa mtu pale.

Vanishi je? Na ule ufito hujaugusa.

MkerezajiNakuru

Vanishi iondoe, hasa ndani ya matundu. Kitambaa kina mafuta, mafuta yatailainisha, vipande vitabanduka na kuingia mtutuni. Nje paka mafuta ya kitani yaliyochemshwa, mapako matatu mepesi, kila moja likauke vizuri, mwisho nta ya nyuki. Ndani ya matundu nta pekee. Na vitambaa vya kupakia mafuta ya kitani usivikunje ukavitupa pembeni ya maranda. Hujichemsha vyenyewe na kuwaka moto. Vianike vimetandazwa nje, au viloweshe maji. Kibanda cha jirani yangu kiliwaka hivyo usiku, mwenyewe hayupo, hakuna moto ulioachwa, hakuna sigara.

Ufito niliuacha mwisho kwa makusudi kwa sababu nina kovu la kukuonyesha. Miaka ya nyuma nilikereza mpini wa nyundo kutoka mbao iliyopasuliwa kwa msumeno. Ulikuwa umenyooka kwa macho, lakini nyuzi zenyewe zilikuwa zinakata mshazari kutoka upande huu kwenda ule. Siku ya tatu ukavunjika mkononi. Haukukatika mraba, ulichongoka kama mkuki, ukaingia chini ya kidole gumba na kutokea nyuma ya kiganja. Hadi leo kidole hicho hakikunji vizuri wakati wa baridi.

Ufito wa bunduki ni mwembamba kuliko mpini, kwa mtutu wa nusu inchi huwa kama milimita 9 na nusu, na urefu wake unapita mita moja, maana bunduki za Pennsylvania zina mitutu mirefu. Mtu anausukuma kwa mkono kuelekea chini. Ukivunjika mshazari, mkono wote unashukia ile ncha. Ndiyo maana wao hutumia mti wao wa hikori, tena uliopasuliwa kwa kabari ufuate nyuzi zake, kisha ukachongwa. Fimbo za duara za dukani zimekatwa kwa mashine bila kujali nyuzi. Mimi hiyo kazi nimeikataa miaka yote minne. Ushauri wangu ni uikatae.

MwalimuMumias (mstaafu)

Vijana wangu, nimesoma kwa furaha. Niruhusuni niwarudishie maneno, maana vitu hivi vina majina katika Kiswahili na majina hayo yanapotea.

Bunduki ya kujazwa mdomoni ni gobori. Ile inayowashwa kwa jiwe la cheche ni gumegume, na jiwe lenyewe pia ni gumegume. Kile kikofia kidogo cha kulipua cha bunduki zilizofuata ni fataki. Na huo ufito mrefu mnaouzungusha kwa maelezo ni mdeki. Babu yangu, ambaye wazee wake walikuja Mumias na misafara kutoka pwani wakati wa Nabongo, mfalme wa Wawanga, alikuwa akituambia "nyooka kama mdeki" tukisimama vibaya msikitini.

Kuna jambo jingine limenigusa. Kitambaa cha kuvika risasi kinatakiwa kiwe cha pamba, kilichofumwa kikashikana. Je, mnajua kitambaa cha namna hiyo kwetu kiliitwaje? Merikani. Kiliitwa hivyo kwa sababu meli za Salem, Massachusetts, zilikileta Unguja katika karne ya 19, kikapanda bara kwenye mabega ya wapagazi pamoja na shanga, nyaya na magobori. Leo fundi wa Kibuye anawatengenezea Wamarekani kibao cha kushikia risasi iliyovikwa kitambaa hicho hicho. Fundi, kwenye karatasi utakayoweka ndani ya mzigo, liandike neno mdeki. Mwandikie na gumegume. Wayaulize.

SialaKakamega

Mimi ni mama ninayeuza miti ya vipini na nguzo hapa Kakamega, yangu ni ya mashambani, siuzi mti wa msituni. Nimeona mnazungumzia hikori. Kwa vipini huku tunatumia siala, Waluhya tunauita lusiola. Unanyooka vizuri ukipandwa karibu karibu, na ukiupiga kabari unafunguka kwa kufuata nyuzi. Wateja wangu wa majembe hawanirudishii. Lakini nikisema ni sawa na hikori kwa huo mdeki nitakuwa nadanganya, sijawahi kuuona ukitumika hivyo. Kwa kijiti cha kirungu, kifupi cha kiganja, ningeuamini ukipasuliwa.

Kwa kichwa cha kirungu nakuambia mpera. Watoto hawakosei, panda zao za manati ni mpera. Ni mzito, nyuzi zimeshikana, ukikerezwa unakuwa laini kama yai. Shida ni kwamba ukikauka haraka unapasuka kutoka kiini. Kata magogo mafupi, ugawe katikati siku hiyo hiyo ili kiini kisibaki ndani, zika kwenye maranda. Ukitaka, nina ya tangu mwaka jana, vipande arubaini hivi.

MkerezajiNakuru

Mama amesema kweli kuhusu mpera. Kichwa kiwe na kipenyo cha milimita 45 hadi 50, kiganja cha mtu mzima kinakizungukia. Vijiti viwe milimita 11 kwa mtutu wa nusu inchi, visiguse kuta. Mimi ncha za vijiti huzivika brasi, naichukua kwa mafundi wa mifereji, naichimba kidogo katikati ili ikumbatie duara la risasi na isiibonyeze. Brasi haitoi cheche kama chuma. Chuma usiweke popote.

Kipimo cha baruti usikimalizie. Wao hupima kwa greni, na greni moja ni gramu 0.065, lakini kikombe kinapima ujazo, na mimi na wewe hatuna baruti ya kujaribia wala hatuitaki. Toboa kishimo kifupi kuliko inavyohitajika, mwandikie akichimbe mwenyewe hadi kilingane na kipimo chake cha brasi. Kikombe hicho si pambo. Mpigaji haruhusiwi kumimina moja kwa moja kutoka kwenye pembe ya ng'ombe anayobebea baruti, kwa sababu kaa la risasi iliyotangulia likibaki mtutuni, moto utapanda hadi kwenye pembe nzima mkononi mwake. Kwa hiyo kikombe kikiwa na ufa, kitupe.

Sheria: Sheria ya Silaha, Sura ya 114, haina mchezo kwa bunduki na risasi, na baruti ina sheria yake ya vilipuzi. Hivyo vyote visikaribie kibanda chako, hata ganda tupu la kupigia picha. Mimi nilichukua sampuli pamoja na maelezo ya agizo, nikaenda kituo cha polisi kabla ya mzigo wa kwanza, nikaeleza, nikaweka nakala. Fanya hivyo na wewe, usitegemee maneno yangu. Kule kwao sheria ya mwaka 1968 inaziweka bunduki hizi za baruti nyeusi kando na silaha za kawaida, lakini hiyo ni ya kwao. Kwa kupeleka mbao nje ya nchi, uliza mapema KEPHIS, shirika la serikali linalokagua afya ya mimea. Mpingo usiuguse kwa agizo hili, jamii yake yote iko kwenye orodha ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, tangu 2017 na makaratasi yatakuchosha. Na akikuomba pembe ya ng'ombe, mwambie pembe waachiwe wenyewe, utengeneze kizibo cha mbao tu.

FundiKibuye (Kisumu)

Narudi baada ya wiki tano, samahani kwa kimya.

Nilimwandikia shemeji mwenyewe kupitia kwa yule mama. Nikamwambia vibao vya kwanza vimeharibika na kwa nini, na kwamba mdeki sitautengeneza, nikaeleza habari ya nyuzi na kovu la ndugu yangu wa Nakuru. Nilidhani nimepoteza kazi. Amejibu siku ya pili. Mtutu wake ni nusu inchi kama ulivyodhani. Amesema mdeki atapasua mwenyewe, ana gogo la hikori, lakini anaomba nimkerezee kishikio cha mpera cha kupachika juu ya mdeki wa kutumia uwanjani, ili kiganja kisisukume ncha. Hicho nimekubali. Ameuliza pia merikani ni nini, Mwalimu, kwa sababu nililiandika. Nimemtumia maelezo yako yote.

Polisi nilienda na sampuli. Afisa aliyenipokea alikigeuza kibao mkononi kwa muda mrefu, akauliza maswali, akaandika, akanipa nakala yenye muhuri.

Mbao nimepata Dunga, mtumbwi wa mvule ambao mwenyewe alikuwa anataka kuuchoma kuni. Ulikuwa umelazwa chini ya paa la kibanda chake cha nyavu tangu mwaka juzi. Nilitoa misumari kumi na saba kabla ya kuthubutu kupitisha randa. Ndani una rangi ya asali iliyoiva, na vile vijiwe nimekutana navyo, viwili, vimemaliza kekee moja. Mama wa Kakamega, mpera umefika salama, asante, vichwa vinne vimeshatoka na havina ufa.

Kuna mmoja wa hapa Kibuye ameniuliza kwa nini najisumbua, kwamba mzungu hatajua tofauti ya milimita nusu. Atajua. Na hata asipojua yeye, risasi itajua.

Kipande changu cha kupimia nimekiandika namba 1. Nakipima kwa jirani muuza omena, ana mizani ya kielektroniki. Wiki ya kwanza kilikuwa gramu 371. Ya pili 362, ya tatu 358. Jumamosi iliyopita 356, na leo asubuhi 356 tena. Nasubiri Jumamosi mbili zaidi, ndipo niwashe drili.